Mnana si Kwelea, na Sumu si Dawa

"Nichanganye dawa gani kwenye mtama ili kwelea wafe?" Mahindi yakianza kubeba, swali hili hunifikia kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kutoka vijiji vya Isingiro, hata kutoka nyua za Mbarara mjini. Jibu halibadiliki: hakuna. Tena huyo mnayemtaka afe wala si kwelea.

Ndege anayening'iniza viota kwenye mti wa uani ni mnana. Dume ana mwili wa manjano, kichwa cheusi na jicho jekundu; jike ana rangi ya kijani iliyofifia. Kwelea ni mdogo zaidi, ana rangi ya nyasi kavu, na hujenga kwa maelfu kwenye vichaka vya miiba. Mnana huja kwetu kwa sababu tuna nafaka, na mti wetu pengine ndio pekee uliobaki umesimama.

Msihesabu viota mkadhani mnahesabu ndege. Dume mmoja hufuma viota kadhaa. Jike hukagua, akikikataa na majani yakakauka, dume hukibomoa na kufuma kingine kibichi.

Sasa hiyo sumu. Nafaka iliyolowekwa dawa ya wadudu haichagui mlaji: kuku wako huifikia kabla ya mnana. Ndege aliyeila huweza kuruka akafie mbali, akaliwa na mwewe au paka, au mtoto akamwokota na kumchoma. Mvua ikinyesha, mabaki huteremka ziwani Nakivale, ambako watu huchota maji ya kunywa. Ardhioevu ya ziwa hilo, pamoja na ya Ziwa Mburo, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Na unapotega sumu wakati wa makinda, unamuua mzazi anayewalisha wadudu, wakiwamo viwavi wa shambani.

Wapo wanaonijibu: mbona serikali hunyunyizia kwelea sumu? Hunyunyizia fenthioni, kwa mafundi na vifaa maalumu, mahali makundi makubwa yanapolala. Na hata huko bundi na mwewe hufa. Hiyo si ruhusa ya mtu kuloweka mtama kwenye beseni la jikoni. Chupa isiyo na lebo inayouzwa sokoni kama "dawa ya ndege" ni hatari kwa nyumba nzima. Usiinunue.

Yafanyike haya. Pandeni pamoja na majirani, hasara igawanyike. Lindeni shamba asubuhi na jioni punje zikiwa na maziwa. Vuneni mara zinapokomaa. Chagueni mtama mwekundu mchungu, ule wa kinywaji cha obushera. Ndege huukwepa wakiwa na chakula kingine. Kwenye shamba dogo, fungeni masuke kwa vitambaa. Anikeni nafaka chini ya wavu. Tawi likiinamia shamba, ondoeni kiota kingali kibichi, kabla ya mayai, na mrudie kila dume anapofuma upya. Mti wenyewe msiukate: mnana watahamia wa jirani, na kivuli mtakuwa mmekipoteza.