Seleniamu na saratani ya tezi dume: Jibu liko pia kwenye udongo

KWA miaka mingi vidonge vya madini ya seleniamu vimeuzwa kwa wanaume wa makamo kwa ahadi ya kuwakinga na saratani ya tezi dume. Ahadi hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya majaribio kwa watu 1,312 waliowahi kuugua saratani ya ngozi. Maikrogramu 200 za seleniamu kwa siku hazikuzuia saratani ya ngozi isirudi, lakini waliopata saratani ya tezi dume walikuwa 13, wakati kundi lililomeza vidonge visivyo na dawa lilikuwa na wagonjwa 35.

Kwa muuzaji, takwimu hizo zilitosha. Watafiti walitaka uhakika zaidi.

Mwaka 2001 ulianza utafiti ulioitwa SELECT, uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Baadhi walipewa seleniamu, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na waliobaki kidonge kitupu. Oktoba 2008, kabla ya muda uliopangwa, washiriki waliambiwa waache kumeza. Seleniamu haikuwa imepunguza saratani. Mwaka 2011 ikabainika kuwa waliomeza vitamini E peke yake waliugua kwa asilimia 17 zaidi.

Zito zaidi lilikuja mwaka 2014. Watafiti walipopima kucha za miguu zilizohifadhiwa tangu mwanzo, waligundua kuwa wanaume waliokuwa tayari na seleniamu nyingi mwilini, walipoongezewa, hatari yao ya kupata saratani ya aina kali ilikaribia kuongezeka maradufu. Waliokuwa na kiwango cha chini nao hawakupata kinga yoyote.

Kwa nini majaribio mawili yapingane? Aina ya seleniamu iliyotumika haikuwa moja. Tena, washiriki wa kwanza walitoka mashariki mwa Marekani, ambako maeneo mengi yana udongo wenye seleniamu kidogo, na waliofaidika ni wale walioanza na upungufu.

Hapo ndipo mkulima anapoingia. Mmea hautengenezi seleniamu, unaifyonza ardhini, na udongo wenye tindikali huishikilia isipatikane kwa mizizi. Nchini Malawi, mahindi ya udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Shire yamekutwa na seleniamu takriban mara 10 ya mahindi ya maeneo mengi mengine ya nchi hiyo. Gunia ni lilelile, unga ni uleule kwa macho.

Finland ililitatua tatizo hili shambani. Mwaka 1984 iliamua seleniamu ichanganywe katika mbolea za viwandani. Kiwango kilipanda haraka katika nafaka, maziwa na nyama, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikapunguza kipimo.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 55 hivi kwa siku, na kwa vipimo vya Marekani asivuke 400, chakula na vidonge vikijumlishwa. Kidonge kimoja cha 200 ni nusu ya kikomo hicho kabla hajala samaki wala mayai.

Wafugaji wanazijua pande zote mbili za mizani hii. Ndama aliyekosa seleniamu hukakamaa misuli akashindwa kusimama. Farasi anayelisha penye seleniamu nyingi, kama ilivyotokea South Dakota, hunyonyoka singa na kwato zake hupasuka.