Je, Wajua? Utumbo Huweza Kuugua Usionekane

Mtu wa Mbita au Muhuru Bay akihara damu, wengi hutaja amiba au taifodi kwanza. Lakini kwenye ufuo huu wa Ziwa Victoria, Homa Bay na Migori, kichocho cha utumbo nacho sharti kishukiwe. Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu. Wanaoumiza si wao hasa bali mayai yao, yanayokwama kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini, yakizusha uvimbe yanapotua.

Kuyaona kunahitaji hadubini. Kwa njia ya Kato-Katz, mtaalamu wa maabara hutandaza miligramu 41.7 za kinyesi, huhesabu mayai, kisha huzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Kila yai lina mwiba ubavuni, ukishauona hutausahau. Maambukizi mepesi, hata hivyo, hupita hivi hivi, na hapo kipimo cha mkojo husaidia. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ingawa haimkingi anayerudi majini kesho.

Upo pia ugonjwa uitwao kolaitisi ya hadubini: kuhara majimaji kwa wiki nyingi, bila damu, hasa kwa wanawake waliopita miaka 50. Kamera ikiingizwa, utumbo mpana huweza kuonekana mzima kabisa. Daktari asipochukua vinyama vya ukuta wake vikapimwe, jibu halipatikani. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zinahusishwa nao, kwa hiyo mtajie kila unachomeza.