Magego Yakitoka na Mfupa Ukapungua

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia akilalamikia tumbo. Nilipomhoji niligundua kwamba githeri alikuwa akiimeza nzima nzima. Magego yake yote ya chini yaling'olewa miaka minane iliyopita, meno bandia ya kuvua na kuvaa yalimshinda, na alikuwa ameambiwa kuwa mfupa wake haungetosha kupandikizwa mengine.

Wengi hudhani pengo ni pengo tu. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishikilia huanza kunywea, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika mwaka wa kwanza. Katika taya la juu, uwazi wa hewa ulio kando ya pua nao hushuka. Katika taya la chini umepita mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Ukijeruhiwa, mgonjwa aweza kubaki na ganzi ya mdomo maisha yake yote.

Kipandikizi ni skrubu ya titaniamu inayotiwa mfupani, kisha jino bandia hukazwa juu yake. Brånemark wa Sweden alimtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1965. Kwa muda mrefu urefu wa milimita 10 au zaidi ndio ulioaminiwa. Asiye na mfupa wa kutosha aliongezewa mfupa kwanza: upasuaji mwingine, gharama nyingine na miezi kadhaa ya kungoja.

Siku hizi kuna vipandikizi vifupi, vya milimita 6 hivi, ambavyo uso wake hukwaruzwa makusudi ili mfupa ushike. Kwa miaka mitano hivi ya kwanza, tafiti zinaonyesha vinadumu karibu sawa na virefu vilivyotiwa katika mfupa ulioongezwa, tena kwa matatizo machache ya upasuaji. Baadaye vifupi huelekea kulegea zaidi kidogo. Hilo daktari wako akwambie kabla hujalipa.

Wavutaji sigara, wenye ugonjwa wa fizi, wanaosaga meno usingizini na wanaodungwa dawa za kuimarisha mifupa wajieleze mapema. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hapaswi kuharakishwa. Kidonda chake huchelewa kupona.

Si lazima kila pengo lizibwe. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa aliyebakiwa na magego madogo yote, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, hutafuna vya kutosha. (Sisi madaktari pia hupenda kuziba kila tundu tuonalo.)

Mwalimu wangu hakuwa na hata jozi moja. Nilimpima damu nikakuta sukari iko juu, naye hakuwa na habari. Ameanza dawa, githeri yake inachemshwa mpaka ipondeke, na sukari ikishuka atarudi kwa daktari wa meno apigwe eksirei ya taya, ijulikane zimebaki milimita ngapi juu ya mshipa ule.