Kuvu Iliyokula Mahema ya Wanajeshi

Waswahili husema, mdharau mwiba mguu huota tende. Leo, ndugu wasomaji, nimeona tuzungumze juu ya kitu ambacho sisi watu wa pwani tumekizoea mno hata hatukijali, nacho ni kuvu. Masika yakishika, nguo iliyofungiwa kabatini haijakauka vyema hutoka na madoa na uvundo. Tunaijua hasara hiyo. Lakini ni wangapi wetu waliojiuliza: kitu kisicho na kinywa wala meno hulaje nguo?

Swali hilo liliwahi kulishughulisha jeshi zima. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani walipopigana na Wajapani visiwani mwa Bahari ya Pasifiki, mahema yao na sare za pamba zilioza upesi kwa joto na unyevu. Wataalamu wakakusanya kuvu za kila namna ili wapate dawa ya kuzizuia. Moja, iliyotoka kisiwa cha Bougainville, ambacho leo kimo nchini Papua New Guinea, iliwashinda wenzake kwa ulafi. Ikahifadhiwa kwa alama ya QM6a. Bwana Elwyn Reese na Bibi Mary Mandels, wa maabara ya jeshi mjini Natick, Massachusetts, waliichunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1977 ikapewa jina la Trichoderma reesei kwa heshima ya Bwana Reese.

Siri yake ni hii. Uzi wa pamba karibu wote ni selulosi, na selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, sukari ile ile iliyomo katika wanga wa wali na muhogo. Tofauti ni jinsi pete zake zilivyounganishwa. Tafuna mkate polepole, utaonja utamu, kwani mate yamekwisha anza kuukata wanga. Tafuna uzi tangu adhuhuri hadi magharibi, huonji kitu, maana hatuna kimeng'enya cha kuifungua selulosi. Hata ng'ombe hutegemea vijidudu vilivyomo tumboni mwake.

Kuvu humwaga vimeng'enya vyake nje ya mwili, navyo hushirikiana kama mafundi. Cha kwanza huukata mnyororo katikati. Cha pili huanzia nchani kikibandua sukari mbili mbili. Cha tatu huzitenga hizo mbili. Kisha kuvu huinyonya glukosi, na hema likawa limeliwa.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, wataalamu walizidi kuikazania kazi waliyokuwa wameianza, ya kumgeuza adui huyo kuwa mtumishi, ageuze karatasi kuukuu na mabaki ya mimea kuwa sukari. Leo vimeng'enya hivyo hutumika kufifisha rangi ya suruali za jinzi, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mawe, na vingine vya jamii hiyo hutiwa katika sabuni za unga. Na kuvu zote za jina hilo zitumikazo viwandani ni uzao wa ile moja ya Bougainville.

Lakini mimi naona kazi kubwa bado. Huko Marekani mahindi mengi mno hugeuzwa spiriti ya kuendeshea magari. Chakula cha mwanadamu kinaingia tangini, ilhali mabua yaliyobaki shambani yana sukari hiyo hiyo! Kizuizi ni kwamba selulosi ya mabua imefunikwa na lignini, kitu kigumu kinachoupa mti nguvu, na kukifungua kwahitaji moto, dawa na gharama.

Hata hivyo, njia tunaijua, na aliyetuonyesha ni mharibifu wa mahema. Siku gharama hiyo itakaposhuka, muhindi utabaki kuwa wa mlaji na bua litakuwa la gari. Hiyo ndiyo siku ninayoitamani kuiona.