Uwatu ni Msaidizi, Si Mganga

Makina, mtaa wa Wanubi huko Kibera, Nairobi, mtu wa Pwani hajioni mgeni. Adhana inasikika, na chai huletwa imekwisha tiwa sukari. Mwenye kisukari akiikataa, huonekana amemkataa mwenyeji. Afadhali sukari iletwe katika bakuli yake, kila mtu ajitilie.

Nilipotoka huko nilipita soko la Kawangware, nikamwuliza muuza viungo dawa ya maradhi haya. Alinitajia uwatu, mdalasini, habasoda na karela. Uwatu sisi twaujua tangu zamani, huliwa na mzazi ili apate maziwa. Una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari ya chakula kuingia katika damu, basi sifa yake si uzushi mtupu. Lakini hauchukui nafasi ya vidonge, wala ya insulini iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921. Aachaye sindano kwa ajili yake anajihatarisha. Na achanganyaye uwatu mwingi na dawa za hospitali, sukari yaweza kumshuka ghafla, akatoka jasho, akatetemeka, hata akazimia.

Naona msaada mkubwa zaidi umo katika sahani. Hapo hapo sokoni huuzwa managu, terere na kunde. Mboga ziwe nyingi, ugali uwe kidogo.

Kwetu nako, kaimati na tambi za futari zipunguzwe. Mgonjwa amwone daktari kabla ya Ramadhani. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga.