Utalii wa gorila katika Msitu wa Bwindi

Utalii wa gorila katika Msitu wa Bwindi ni aina ya utalii wa ikolojia unaofanyika katika Hifadhi ya Taifa ya Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye mpaka na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wageni wachache hulipa ada kubwa ili kuwatazama gorila wa milimani kwa saa moja, na fedha hizo hutumika kulinda msitu na wanyama wake. Bwindi hutajwa mara nyingi kama mfano wa utalii wa bei ghali uliosaidia kuokoa mnyama aliyekaribia kutoweka. Hata hivyo, mjadala kuhusu nani anafaidika na uhifadhi huo na nani anabeba gharama zake bado unaendelea.

Msitu na wanyama wake

Bwindi ni msitu wa mvua wenye eneo la zaidi ya km² 320, kwenye miinuko ya kati ya takriban mita 1,200 na 2,600 juu ya usawa wa bahari. Una zaidi ya spishi 160 za miti, takriban spishi 120 za mamalia na takriban spishi 350 za ndege. Umezungukwa na mashamba madogo ya wakulima katika eneo lenye watu wengi sana, hivyo mpaka kati ya msitu na shamba mara nyingi ni hatua chache tu.

Gorila wa milimani (jina la kisayansi: Gorilla beringei beringei) wanaishi katika maeneo mawili tu duniani: Bwindi pamoja na msitu wa Sarambwe unaopakana nao upande wa Kongo, na milima ya volkeno ya Virunga iliyoko Uganda, Rwanda na Kongo. Hakuna gorila wa aina hii anayefugwa katika bustani za wanyama. Wakitoweka msituni, watakuwa wametoweka kabisa.

Historia

Sehemu za msitu huo zilitengwa kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1932, wakati wa utawala wa Waingereza. Baadaye upasuaji wa mbao, uchimbaji wa dhahabu na uwindaji uliendelea kuupunguza. Mwaka 1991 serikali ya Uganda iliufanya kuwa hifadhi ya taifa. Wakazi wa jirani walizuiwa kuingia kutafuta kuni, asali, dawa na nyama, na jamii ya Batwa, wawindaji na wakusanyaji walioishi humo tangu zamani, iliondolewa. Hasira zilikuwa kubwa, na baadhi ya moto uliounguza msitu katika miaka hiyo ulihusishwa nazo.

Utalii wa gorila ulianza mwaka 1993 katika kituo cha Buhoma. Mwaka uliofuata UNESCO iliingiza Bwindi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika miaka hiyohiyo wakazi wa baadhi ya vijiji waliruhusiwa tena kukusanya mimea ya dawa na ya kusukia vikapu, na kuweka mizinga ya nyuki, katika sehemu maalumu za msitu.

Jinsi utalii unavyofanyika

Kabla ya watalii kufika, kundi la gorila huzoezwa kuwaona watu. Walinzi na wafuatiliaji hulitembelea kila siku hadi wanyama waache kukimbia au kushambulia, kazi inayoweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Makundi yaliyozoezwa hufikiwa kutoka vituo vinne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo.

Kila kundi hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja. Wenye umri chini ya miaka 15 na wagonjwa hawaruhusiwi. Tangu Julai 2024 mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola za Marekani 800 kwa kibali kimoja. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo zaidi. Katika nchi jirani ya Rwanda, kibali kwa wageni kimekuwa dola 1,500 tangu mwaka 2017. Kwa kuwa idadi ya wageni haiwezi kuongezwa bila kuwadhuru gorila, bei ndiyo inayopandishwa.

Bei hizo zimevutia loji za kifahari pembezoni mwa msitu, na nyingi ni za wawekezaji kutoka mbali. Hata hivyo, baadhi ni mali ya wenyeji: kambi ya jamii ya Buhoma, na loji ya kifahari iliyofunguliwa Nkuringo mwaka 2008, ambayo ni mali ya taasisi ya jamii lakini huendeshwa na kampuni binafsi.

Mgawanyo wa mapato

Mapato ya vibali huenda kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo huyatumia pia kuendesha hifadhi nyingine zisizo na wageni wengi. Kwa mujibu wa sheria, asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini hurudishwa kwa jamii za jirani. Kiwango hicho hakihesabiwi kwa bei yote ya kibali cha gorila. Kutoka kwenye kibali, jamii hupata dola 10. Fedha hizo zimejenga shule, zahanati na barabara. Wenyeji wengine hupata kipato kama wapagazi, waongozaji, wapishi na wauzaji wa kazi za mikono.

Matokeo kwa uhifadhi

Sensa ya mwaka 2006 ilikadiria gorila takriban 300 huko Bwindi. Sensa ya mwaka 2018, iliyojumuisha Sarambwe, ilihesabu 459. Pamoja na 604 wa Virunga, jumla ilikuwa 1,063. Mnamo Novemba 2018 IUCN ilimwondoa gorila wa milimani katika kundi la wanyama walio hatarini sana kutoweka na kumweka katika kundi la walio hatarini.

Changamoto

Gorila huambukizwa magonjwa ya binadamu kwa urahisi. Mwaka 1996 upele ulilipata kundi moja la Bwindi na kusababisha kifo cha mtoto wa gorila. Daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeshughulikia mlipuko huo, alianzisha mwaka 2003 shirika linalohudumia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja. Gorila waliozoezwa watu pia hutoka msituni kula migomba, na wanakijiji wa kujitolea huwarudisha bila kuwaumiza.

Utegemezi wa wageni una hatari zake. Tarehe 1 Machi 1999 waasi kutoka Rwanda walivamia Buhoma na kuua watalii 8 na afisa mmoja wa hifadhi, na utalii ukasimama. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilizuia wageni, na kipato cha vijiji kikakatika. Mwezi Juni mwaka huohuo Rafiki, dume mkuu wa kundi la Nkuringo, aliuawa kwa mkuki na mwindaji aliyekuwa akitafuta wanyama wadogo. Mwindaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Batwa walioondolewa mwaka 1991 hawakulipwa fidia, na wengi wao waliishi bila ardhi kama vibarua. Mnamo Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walikuwa wametengwa na kunyimwa haki, ikaelekeza Mahakama Kuu iamue hatua za kuwafidia. Leo baadhi yao huwaonyesha watalii, kwa malipo, jinsi wazee wao walivyowinda na kutafuta asali katika msitu ambao wao wenyewe hawaruhusiwi tena kuishi.