Ukuta unaojua kupokea: Somo la gari la rimoti kwa viwanja vya soka

SHABIKI wa soka akisikia neno ukuta, picha inayomjia ni mabeki wanne waliosimama kama nguzo, straika anagonga pale na kurudi alikotoka. Ukuta ukiwa mgumu, timu inasifiwa. Lakini kuna mchezo ambao ukuta mgumu ndio adui namba moja, na unachezwa sebuleni kwa gari lenye urefu wa kalamu.

Ni mbio za magari madogo ya rimoti. Usifikirie yale ya mtoto yanayokwenda mbele na kurudi nyuma tu. Haya ni ya ushindani, yamepunguzwa karibu mara 28 kutoka gari halisi. Kampuni ya Kyosho ya Japani ilianza kuuza aina yake ya Mini-Z mwaka 1999, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wanajijengea njia zao nyumbani: kapeti la nyuzi fupi, kona tano au sita, mstari wa kuanzia, mchezo umeanza.

Kutandika njia ni kazi ya nusu saa. Kichwa kinauma kwenye uzio.

HESABU YA KUGONGA

Fizikia ya darasani inasema kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayobebwa na gari inapanda mara nne. Gari la gramu 170 likipiga ukuta kwa kilomita 20 kwa saa, ile nguvu lazima iende mahali. Kama ukuta ni ubao uliopigiliwa misumari, ubao hautaki kitu. Gari lenyewe ndilo linameza yote.

Kinachovunjika kwanza ni mikono ya plastiki inayoshika matairi ya mbele. Ukivunja huo na huna spea, kwisha habari yake. Ndiyo maana wajenzi wazuri huanza na uzio kabla ya kufikiria injini au rangi ya bodi.

NINI KINAFAA, NINI HAKIFAI

Matofali, sahau kabisa. Mbao siyo mbaya sehemu iliyonyooka, kwa sababu gari huigusa kwa ubavu na kuteleza. Ila mwisho wa mstari mrefu, pale gari linapoingia kona likiwa na kasi yote, mbao ni noma.

Wengine wanakimbilia sponji la godoro wakidhani laini ndiyo salama. Hapana. Sponji likiwa laini mno, pua ya gari inazama, tairi linashikwa, gari linageuzwa ghafla na wa nyuma anamvaa. Laini kupita kiasi nayo ni faulo.

Kinachopendwa ni lile povu jeusi linalovishwa mabomba ya viyoyozi. Unalipasua katikati kwa urefu, unapata vipande viwili vyenye mgongo wa mviringo, unabandika upande bapa chini. Hata soli za kandambili zilizochakaa zinafaa, zile zile ambazo watoto wa mtaani wamezikata miaka mingi kutengenezea matairi ya magari yao ya kuchezea. Ni ngumu kiasi, ni laini kiasi.

MAMBO MATATU YA KUPIMA

La kwanza ni kimo. Tairi la gari hili lina kama sentimita mbili na nusu kwenda juu. Uzio ukiwa chini ya katikati ya tairi, gari linaupanda na kuangukia njia ya pili. Ukiwa mrefu mno, dereva aliyesimama pembeni halioni gari likipita nyuma yake. Sentimita tatu zinatosha.

La pili ni uso. Upande unaogongwa uwe unateleza, ndipo gari lisugue na kuendelea badala ya kunasa. Selotepu pana juu ya povu inafanya kazi hiyo. Na pale vipande viwili vinapokutana, cha mwanzo kilalie juu ya kinachofuata kwa mwelekeo wa mbio, kama vigae vya paa. Ukigeuza, gari linakutana na ncha ya kipande uso kwa uso.

La tatu ni uhuru. Uzio usogee kidogo ukigongwa, halafu urudi. Watu hutumia vipande vya kunata kama vile vya viatu vya watoto, ama vifuko vya mchanga kwa nyuma. Misumari hapana.

WAKUBWA NAO WALIJIFUNZA HIVYO HIVYO

Usione ni utoto. Februari 2001 bingwa wa NASCAR, Dale Earnhardt, alifariki baada ya kugonga ukuta Daytona. Mwaka uliofuata, Indianapolis walifunga uzio mpya uitwao SAFER, uliobuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska wakiongozwa na Dean Sicking. Mbele kuna mabomba ya chuma yanayoteleza, nyuma yake kuna povu, na zege liko mwisho kabisa. Ni selotepu juu ya povu, ila ya wakubwa.

Na uzio ukishindwa kuzuia, hatari ni ile ile. Bahrain, Novemba 2020, gari la Romain Grosjean lilipasua uzio wa chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Alitoka mwenyewe akiwa na majeraha ya moto mikononi.

TURUDI KWENYE SOKA

Sasa swali kwetu sisi wa mpira. Straika anayekimbilia mpira unaotoka naye ana kasi, na ana kilo 70 au 80, siyo gramu. Mbele yake kuna nini?

Novemba 2022, mshambuliaji wa Bath City ya Uingereza, Alex Fletcher, aligonga kichwa kwenye zege la mabango kando ya uwanja, akafanyiwa upasuaji wa dharura wa ubongo na akapona. Septemba 2025, Billy Vigar, kijana wa miaka 21 aliyewahi kuwa akademi ya Arsenal na wakati huo akiichezea Chichester City, aligonga ukuta wa zege wakati wa mechi. Siku chache baadaye alifariki.

Ilikuwa mechi ya ligi ya chini. Hakuna beki aliyemchezea vibaya, wala hapakuwa na kadi nyekundu ya kutoa. Ni ukuta tu, uliosimama karibu na mstari na usiojua kupokea.

Mtu anayelinda gari la plastiki sebuleni anapima kimo, anapima uso, anapima uzio unasogea kiasi gani. Kiongozi wa timu ya mtaa anaweza kufanya hesabu hiyo hiyo kabla ya filimbi: hatua ngapi kutoka mstari hadi ukuta, nguzo au mtaro? Ukuta ukiwa karibu, sogeza mstari ndani. Kama hakuna nafasi, funga matairi ya zamani au magodoro mbele yake.

Uwanja utapungua mita mbili. Kijana atamaliza mechi na kurudi nyumbani kwao.